Kipara Hayuko Bwawani

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe kumi na nne ya mwezi wa pili, mara tu baada ya mapumziko ya saa nne, mbele ya wageni.

Asubuhi hiyo ilianza kama asubuhi nyingine yoyote. Sindano aliamka, akafagia ua, akateremka chemchemini kuchota maji. Alimwacha mdogo wake kitandani akilalamika tumbo, akakimbia shule. Waliompa jina la Sindano hawakukosea: alikuwa mwembamba, mrefu, na ulimi wake ulichoma. Alikuwa darasa la sita, na alikuwa na kazi ambayo nusu ya darasa waliionea kijicho. Yeye ndiye aliyekuwa mlinzi wa Kipara.

Kipara alikuwa korongo, mmoja wa wale wakubwa wenye kichwa kisicho na manyoya na mfuko unaoning'inia shingoni. Ndege mbaya, tuseme ukweli. Anakula mizoga, anachakura majalala, na jua likizidi anajinyea miguuni apate ubaridi. Lakini ofisi ya wanyamapori ilikuwa imemfunga mgongoni kifaa kidogo cha kurusha mawimbi, chenye kioo cha kunasa nguvu za jua. Kila siku kifaa kilituma ujumbe kwa setilaiti huko angani, setilaiti ikaushusha ofisini, na ofisi ikaupitisha hadi kwenye kompyuta ya shule. Sindano aliufungua, akasoma Kipara yuko wapi, akachomeka pini kwenye ramani iliyobandikwa ukutani.

Ujumbe wenyewe ulikuwa na sehemu mbili. Mbele palikuwa na mahali alipo ndege, pamoja na alama ya kuonyesha mahali hapo panaaminika kiasi gani. Nyuma kulikuwa na mkia mrefu wa tarakimu: joto la kifaa mchana na alfajiri, nguvu ya betri, na hesabu inayoongezeka kila kifaa kinapotikiswa.

Mwalimu wa sayansi alikuwa amesema, "Nakili vyote, mbele na nyuma."

Afisa wa wanyamapori, siku alipokuja na viatu vyake vinavyong'aa kuzindua mradi, alisema lingine. "Watoto, msijichoshe na hizo tarakimu za nyuma. Hizo tuachieni sisi wataalamu. Nyinyi pini tu, ramani ipendeze."

Kati ya maneno hayo mawili, Sindano alichagua yaliyokuwa mepesi. Alinakili mahali, akaukata mkia, akatoka mbio kwenda kuruka kamba.

Jumanne hiyo wageni walikuwa wafadhili wa mradi. Afisa aliwaingiza darasani huku akitabasamu mpaka magego yakaonekana, manukato yake yakajaa chumba kizima. Sindano aliitwa mbele. Alisoma ujumbe wa siku hiyo, akatafuta mahali kwenye ramani, akachomeka pini.

Pini ilikuwa katikati kabisa ya bwawa.

"Kumbe Kipara kajifunza kuogelea!" alisema mvulana wa dawati la nyuma, ambaye darasa zima lilimwita Spika kwa kuwa hakujua kunyamaza. "Mnunulieni boya!"

Darasa likaangua kicheko. Afisa akacheka pia, kicheko kikavu. "Anavuka, anavuka. Waheshimiwa, mnajionea wenyewe. Kila siku ndege wetu yuko mahali tofauti. Ana afya tele!"

Wageni wakapiga makofi. Mwalimu wa sayansi hakupiga. Alikuwa anaitazama ramani kama mtu anayetazama chakula kilichochacha.

Wageni walipoondoka, alimwita Sindano kwenye kompyuta. "Nionyeshe tarakimu za nyuma."

Uongo ulimjia Sindano mdomoni haraka, tena uongo mzuri: kompyuta ilizima, umeme ulikatika. Ila Mwalimu alikuwa anamtazama usoni bila kupepesa.

"Sikunakili, Mwalimu."

"Tangu lini?"

"Tangu afisa aseme tusijichoshe. Nilifurahi aliposema hivyo."

Mwalimu alivuta pumzi ndefu. "Haya. Bahati yetu ujumbe wenyewe haukufutika. Vuta kiti. Tutasoma wote, na hutoki hapa mpaka tumalize."

Walisoma. Mwanzoni hesabu ya mtikisiko ilikuwa inapanda kila siku, kama inavyotakiwa kwa ndege anayetembea, anayeruka, anayegombana na wenzake jalalani. Kisha ikasimama. Tarakimu ile ile jana, juzi, majuzi, zaidi ya wiki nzima.

"Labda imeharibika," Sindano alisema kwa sauti ndogo.

"Labda. Tuulize joto."

Joto nalo lilikuwa na habari zake. Mchana lilipanda kama la bati la paa, alfajiri likashuka kama la jiwe la uani. "Mwili wa ndege aliye hai una joto lake," Mwalimu alieleza. "Kifaa kikiwa mgongoni mwake hakiwezi kupoa namna hii. Na betri?"

"Imejaa, Mwalimu. Kila siku imejaa."

"Kwa hiyo kioo kinaona jua kutwa. Kifaa ni kizima, Sindano. Kinafanya kazi vizuri kabisa. Kimelala mahali pa wazi, kimetazama juu, hakitikisiki."

Sindano aligeukia ramani. "Mbona pini zinahama?"

"Umewahi kupigiwa simu, sauti ikawa inakatika? Neno moja unalisikia, mawili unayabuni. Setilaiti ikipita kwa mbali au ikinasa mawimbi machache, nayo inakisia. Leo itasema yuko bwawani, kesho itasema yuko stendi. Ndiyo maana kuna ile alama. Hebu ng'oa pini zote zenye alama mbaya."

Spika alikuwa amebaki mlangoni kusikiliza yasiyomhusu. Akaja kusaidia kung'oa, na safari hii hakuwa na utani. Pini ya bwawani ikatoka. Ya stendi ikatoka. Za wiki hiyo zilizobaki zilikuwa chache, zimesongamana mahali pamoja kama nzi kwenye kidonda: nyuma ya machinjio.

Mama yake Sindano alikuwa mwosha utumbo machinjioni. Jioni Mwalimu alipofika nyumbani kwao akiongozwa na Sindano, alimkuta anamnywesha yule mdogo maji kikombeni. Mtoto alikuwa amelegea, macho yamezama, ametapika tangu mchana.

"Mama Sindano, samahani kwa kuja saa hizi. Kuna nini nyuma ya machinjio?"

"Kuna shimo, Mwalimu. Tunatupa mabaki humo. Lilishajaa siku nyingi, tumesema mpaka tumechoka. Meneja anatuambia bajeti ipo njiani. Hiyo njia sijui inapita wapi." Alifyonza. "Halafu juzijuzi wakatupa humo nyama yenye sumu, eti ya kuulia mbwa wazururaji. Sisi tukaambiwa tusisogee, na tusiseme."

Sindano alikitazama kikombe mkononi mwa mama yake. Machinjio yalikuwa mlimani. Chemchemi ilikuwa bondeni, chini yake.

"Mama, usimpe hayo maji!"

Mama akakimwaga kikombe, akaimwaga na ndoo yote uani, akambeba mtoto mgongoni. "Zahanati," alisema. Wakatoka wote watatu karibu mbio, na kila mtaa waliopita Mwalimu alipaza sauti watu wasiyanywe maji ya chemchemi.

Muuguzi alimtundikia mtoto dripu na kumchukua vipimo. Alisema wa namna hiyo amewapokea wengi wiki hiyo, naye amekuwa akijiuliza wanakula nini. Hakuna aliyekuwa amemwambia aulize wanakunywa nini.

Asubuhi yake walikwenda shimoni: Mwalimu amevaa glavu, Mama amevaa buti zake za kazi, Sindano amejifunga kitambaa puani. Kitambaa hakikusaidia kitu. Harufu ilikuwa nzito, tamu, inang'ang'ania kooni kama mafuta yaliyoganda. Nzi walinguruma. Matumbo yaliyooza yalikuwa yametanda juu ya maji ya kijani yenye mapovu, mbwa wawili wamevimba miguu juu, funza wanachemka ndani yao. Kando ya shimo ukuta ulikuwa umebomoka, na mchirizi mweusi ulikuwa unateremka taratibu kuelekea bondeni, bila haraka, kama mwenye nyumba.

Kipara alikuwa ukingoni. Amelala kifudifudi, mabawa yametanuka, kifaa mgongoni kinang'aa juani.

Sindano aligeuka akatapika mpaka akabaki na nyongo. Mama alimshika paji la uso.

"Zaidi ya wiki, Mama," alisema akilia. "Alikuwa anatuambia. Mimi nikawa nachomeka pini. Mtaa mzima unakunywa, na mimi naruka kamba."

Mama hakumwambia si kitu, kwa sababu kilikuwa kitu. Alimfuta mdomo kwa ncha ya kanga.

"Sikiliza, mwanangu. Ulipewa kazi ukafanya ile nusu inayopendeza. Hilo ni kosa lako, libebe. Ila jana uliulizwa ukasema kweli, ukakaa ukasoma mpaka mwisho, na ndugu yako yuko hai. Kuanzia leo ukipewa kitu usome, soma chote, hata kinachochosha, hata kinachonuka. Na mimi pia nina langu. Niliambiwa nisiseme, nikanyamaza. Nililihofia tumbo langu, nisifukuzwe kazi, kuliko la mtoto."

Kifaa kilichukuliwa, kikaoshwa kwa dawa. Picha alizopiga Mwalimu pale shimoni zilipelekwa zahanati, na zahanati ikapeleka kwa bwana afya, ambaye safari hii hakupata pa kujifichia. Chemchemi ikafungwa. Lori la maji safi likaanza kuja mtaani. Shimo likamwagiwa chokaa na kufukiwa, na bajeti iliyokuwa njiani tangu enzi ikafika kwa siku mbili. Mdogo wake Sindano alirudi nyumbani akiwa na njaa ya kula meza.

Ukaitishwa mkutano katika uwanja wa shule. Meneja wa machinjio alisema suala la sumu linachunguzwa. Afisa wa wanyamapori alisimama na viatu vyake, akawasifu wanafunzi kwa "ushirikiano wao mzuri na wataalamu." Watu wakaguna. Kuna sifa ukipewa unatamani kunawa.

Ndipo Mama Sindano aliponyoosha mkono. Hakuwahi kusema mkutanoni maishani mwake. Alisimama na buti zake.

"Mimi sikusoma sana, bwana afisa, nifahamishe. Binti yangu ana miaka kumi na miwili. Alikosea, na mbele ya darasa lake amesema amekosea. Lakini ujumbe huu unapita kwako kwanza, kabla haujafika shuleni. Unakuja kwako mzima, na zile tarakimu za nyuma ulizosema ni zenu wataalamu. Wiki nzima zilikuwa zinasema ndege amekufa na mahali alipofia. Sasa naomba kuuliza: huko ofisini kwenu, ni nani alikuwa anazisoma?"

Afisa alitazama karatasi zake. Meneja alitazama viatu vya afisa. Mkutano ukafungwa kwa sala, viti vikarudishwa madarasani, lori la maji likapiga honi barabarani. Hadi leo hajajibiwa.