Niliapa Kuwa Nilisoma Fatiha Kumi

Nikiwa mutoto wa miaka minane hivi, pale Alunguli, ng'ambo ya mto, nilikanyaga shimo la majivu la mama mukubwa Asha. Mama mukubwa alikuwa akipika mafuta ya mawese nyuma ya nyumba, na kila akimaliza anasukuma majivu yote ndani ya shimo. Yalionekana yametulia, hata kuku walikuwa wakipita kandokando... Mimi nikarukia ndani nikifukuza tairi la baiskeli. Kumbe chini moto ulikuwa bado! Mguu wangu uliiva kama ndizi ya kuchoma.

Mama mukubwa alinipaka asali, kisha akanipiga, maana nilikuwa nimemvunjia na chungu. Alikuwa mwanamke wa namna hiyo, anakuponya na mkono huu, anakuchapa na ule. Bwana yake wa kwanza alimkimbia, lakini hiyo ni habari nyingine, niiache.

Ninachotaka kusema ni hiki: miezi mitano sikutembea, na shule ilikuwa mbali. Nilipopona, wenzangu walikuwa wamenipita, na mwalimu akasema hana nafasi ya mzigo. Njo hivyo sikusoma. Nilibaki na Fatiha na sura fupi chache za chuo cha Korani, na kuandika jina langu. Muntu asiyesoma anatafuta kazi ya macho na mikono. Mimi nilipata usukani.

Leo niko na miaka sabini na sita. Jambo ninalowaambia lilitokea zamani za Zaire, wakati kila mtu aliitwa sitwayen, yaani mwananchi, na Chama kilikuwa kimoja tu. Sijawahi kulisema lote. Mke wangu alikufa bila kulisikia kinywani mwangu. Anayejua kuandika ananiandikia, na ninyi wasomaji mutalisikia, na kama mutanichukia, chukieni!

Hapa Kindu kulikuwa na mufanyabiashara mmoja, Mwinyi, tuliyemwita patro, yaani bosi. Alinunua kamio, yaani lori, ya kwanza ya turbo niliyoiona na macho yangu, ikaletwa na treni kutoka mkoa wa Shaba. Turbo, kwa asiyejua, ni chuma kilichojikunja kama konokono, kiko kando ya moteri. Moshi wa moto unakizungusha, nacho kinasukuma hewa ndani ya moteri, kamio inapata nguvu ya kupanda mlima na mzigo. Sisi tulikiita konokono. Lakini konokono huyo anawaka! Ukipanda mlima mrefu, anakuwa mwekundu kama kaa la mhunzi.

Shoferi wa kwanza hakumuweza. Joto lilijaa chini ya kapo, kile kifuniko cha moteri, nyaya zikayeyuka, mpira wa mazuti, yaani dizeli, ukapasuka. Patro akamfukuza.

Mimi niliombewa kazi na shemeji yangu Shabani, kaka ya mke wangu Mwamini. Shabani alikuwa fundi wa moteri, mwenye garaji ndogo mtaani Kasuku. Garaji ile njo ilikuwa maisha yake yote, hakuwa na shamba wala duka. Patro alikataa. Akasema mbele yangu: "Huyu hajui hata kusoma saa. Nimupe kamio?" Shabani akajibu: "Mumupe, patro. Akiharibu, garaji yangu iko hapa, muichukue."

Mumesikia? Aliweka garaji yake juu ya kichwa changu! Nani amewahi kunifanyia hivyo?

Kisha akaitengeneza ile kamio kwa siku nne. Alikata bati la pipa, akalikunja, akalisimamisha katikati ya konokono na nyaya. Bomba la moshi akalizungushia ile kamba nyeupe isiyoungua, kama unavyofunga kidonda. Mpira wa mazuti akauhamishia upande mwingine. Kapo akaitoboa matundu ili joto lipande juu. Alipomaliza, ungeweza kuweka mkono juu ya kapo na usiseme uwii.

Akanipa na sheria moja. Konokono huyo ananyweshwa mafuta na moteri. Ukizima moteri angali mwekundu, mafuta yanasimama ndani yake, yanaungua, yanakuwa makaa, na makaa yanakula chuma. Kwa hiyo ukisimama, uiache moteri ingurume pole pole mpaka apoe. Kwa kuwa mimi sikujua saa, Shabani alinipimia kwa kitu nilichokijua.

"Shemeji, soma Fatiha kumi. Pole pole, kama uko nyuma ya imamu. Ukimaliza ya kumi, njo uzime."

Mwaka wa kwanza nilisoma. Kamio ilikwenda Pangi, ilikwenda kule Kama, ilirudi na mchele na mawese, haikukohoa. Watu walinisalimu barabarani. Patro alianza kuniita "shoferi wangu".

Sasa ngojeni, hapa njo pabaya.

Kwenye njia ya Pangi kulikuwa na mlima, na juu ya mlima ofisi ndogo ya serikali na mlingoti wa bendera. Munajua jinsi ilivyokuwa: asubuhi bendera ikipanda, kila mtu anasimama. Mwenye baiskeli anashuka. Mama mwenye beseni kichwani anaganda, jasho linaingia machoni na hapangusi. Siku moja nilifika juu pale na mzigo kamili, konokono anawaka, na bendera ndiyo inaanza kupanda. Nikasimama. Sikuzima.

Akaja kijana mmoja wa Chama, kofia ya kijani, mdomo umekunjwa.

"Zima!"

Nikamwambia kwa heshima: "Sitwayen, moteri hii haizimwi ghafula, iko na moto..."

"Bendera ya nchi inapanda na wewe unakoroma mbele yake kama nguruwe? Zima, ao utalala ndani!"

Nilizima. Akanipigisha magoti juu ya changarawe, mbele ya abiria wote walioketi juu ya mizigo. Wanawake walicheka... Wanawake niliokuwa nikiwabeba kwa hisani!

Nilimchukia mutoto yule, na hata leo namchukia. Lakini niseme kweli yote. Yeye alinilazimisha mara moja tu. Zile nyingine nilijilazimisha mwenyewe!

Ningeweza kungojea chini ya mlima mpaka bendera imalize kupanda. Ningeweza kupanda pole pole. Lakini nilitaka kuwahi, niwe wa kwanza kwenye kivuko cha Alunguli, shoferi wengine wale vumbi langu. Kwa hiyo kila juma nilifika pale juu saa ileile. Nikawa nazima hata kabla yule kijana hajanyoosha kidole, naruka chini, nasimama wima kama mti. Akaanza kunisifu: "Muone huyu! Huyu njo mwananchi!" Na mimi mpumbavu nikapenda sifa. Wanawake walewale waliacha kucheka.

Nikirudi mjini, Shabani ananiuliza: "Shemeji, unasoma zile kumi?"

"Nasoma, shemeji."

Uongo! Miezi na miezi...

Moshi ukaanza kuwa wa buluu. Nguvu ya kupanda ikapungua. Siku moja Shabani alifungua kapo, akagusa ile kamba ya bomba la moshi, akanusa vidole vyake. Uso wake ulibadilika. Akasema: "Hii kamba inakunywa mafuta. Konokono anavuja. Kesho nileteeni kamio nimufungue, na asipofunguliwa musiende popote."

Nilijua akimfungua ataona makaa. Akiona makaa, atajua sikusoma. Nikaitika, ndiyo shemeji, kesho. Na kesho yake alfajiri nikawasha kamio nikaenda Pangi!

Niambieni, ni shetani gani aliyenishika? Hakuna shetani. Ni mimi. Niliogopa aibu ya siku moja.

Nilipakia mchele na mapipa ya mawese, nikageuza. Katikati ya mlima uleule nikasikia kilio ndani ya moteri, kama mbuzi anayechinjwa, kisha kimya. Konokono amekwama. Mafuta yakamwagika juu ya bomba jekundu, na kamba iliyolowa ikawaka kama utambi wa taa. Niliona ulimi wa moto ukitoka kwenye matundu ya kapo. Nikapiga kelele: "Rukeni! Rukeni!" Abiria wakaruka, mama mmoja akavunjika mguu. Nilitupa mchanga, nilitupa shati langu. Moto ulipofika kwenye mapipa ya mawese, tukakimbia. Namshukuru Mungu hakufa mtu. Kamio ya patro Mwinyi ilibaki mifupa.

Patro alituita barazani kwake, mimi na Shabani, na wazee wawili wa msikiti. Patro alikuwa ametuma mtu kufungua mabaki, na Shabani alikuja na kipande kilichotolewa humo, ndani ya kitambaa: kile kijiti cha katikati ya konokono. Kilikuwa kimevaa makaa meusi, magumu kama maganda ya kidonda. Akakiweka mbele ya patro.

"Patro, haya ni mafuta yaliyoungulia ndani. Hayaungui hivi kwa siku moja. Moteri ilikuwa inazimwa na moto wake, mara nyingi."

Patro akanigeukia. Akanitukana mimi na mama yangu. Akauliza: "Njo wewe?"

Wasomaji wangu... hapo ningesema ndiyo, wazee wangemwombea Shabani garaji yake, nami ningepoteza usukani tu. Usukani tu! Lakini kinywa changu kikafunguka kikasema: "Patro, mimi si fundi. Mimi niliona moto ukitoka kwenye kamba ya Shabani. Yeye njo aliifunga. Bila kamba ile kungekuwa na moto?"

Ubaya wa maneno yale ni kwamba nusu yake ilikuwa kweli. Kamba iliwaka. Kila abiria aliiona.

Shabani alinitazama kama mtu anayemtazama mbwa wake mwenyewe akimng'ata.

"Wewe umeua mashine," akasema, "sasa unataka kuniua na mimi? Kamba ile ilikunywa mafuta ya nani? Nilikuambia uje kesho, ulikwenda wapi?"

"Sikusikia neno hilo," nikajibu.

"Hukusikia!"

"Sikusikia! Fundi wa mapipa wewe, unafunga moteri na kamba kama mzigo wa kuni!"

Tulisimama wote wawili, mzee mmoja akaingia katikati. Patro akapiga mkono juu ya meza. Shabani akainua tena kile kijiti, akamwomba akitazame tu. Patro akasema: "Mimi naona chuma cheusi. Hapa kwangu hatuamui na chuma. Tunaamua na Kitabu."

Msahafu ukaletwa. Tukatawadha. Mzee akaniuliza mbele ya wote kama kila nilipoizima kamio ile nilikuwa nimesoma kwanza Fatiha kumi kama nilivyoagizwa. Nikaweka mkono juu ya msahafu. Nikasema: "Wallahi, nilisoma."

Kuna wanaongojea niseme mkono wangu ulikauka. Haukukauka! Nyumba yangu haikuungua, mtoto wangu hakuugua. Nilikwenda nyumbani nikala wali, na wali ulikuwa na chumvi ya kutosha. Msidanganywe na hadithi za watu kuanguka palepale. Mungu aliniacha niishi, nikiwa na akili zangu zote, miaka hii yote. Naona hiyo njo adhabu, na mwenye kubisha abishe.

Patro alipata kamio nyingine baadaye, akanipa usukani. Niliendesha miaka sita. Kila niliposimama nilisoma zile kumi, kwa sauti, mpaka abiria wakaniita sheikh. Zilimfaa nini Shabani?

Wewe shoferi unayecheka leo, unayezima gari konokono angali mwekundu kwa sababu una haraka ya bia, nakuambia chuma hakisahau. Na wewe uliyetendewa wema na mtu, ukaharibu, nenda umwambie siku ileile! Usingoje aulize. Aibu inapoa haraka, uongo haupoi. Nawaomba, kwa jina la wazazi wenu, musiape kwa kitu musichokifanya.

Nilitaka kumalizia hapa, lakini sijawaambia jinsi alivyoondoka.

Nilipokwisha kuapa, mzee alimuuliza Shabani kama ana neno. Alikifunga kile kijiti ndani ya kitambaa, akakitia mfukoni. Akatoa funguo za garaji, akaziweka juu ya mkeka mbele ya patro, taratibu, bila kuzigonganisha. Mlangoni akavaa ndala zake. Patro akamwita: "Shabani! Hatujamaliza!" Hakugeuka.

Nilimtazama kutoka barazani. Nilidhani anakwenda kwake, akapita kwake. Mbele kidogo ni nyumba yangu, na Mwamini alikuwa nje anapepeta mchele, hajajua bado. Nikamsikia akiita, "Kaka! Kaka, karibu, kula!" Shabani alimpungia mkono tu, akavuka reli, akashika njia ya Kibombo kwa miguu, shati lake la kazi mgongoni, na watu walikuwa wakimpisha kama kawaida.

Hakurudi tena.