Dirisha la Upande wa Kulia

Asubuhi ile uwanja wa ndege wa Kathmandu ulikuwa umefurika. Ukungu ulichelewesha ndege zote za ndani, na kila abiria alitaka asikilizwe yeye kwanza. Nirajan, karani wa kaunta ya ndege za Pokhara, alikuwa karibu kulia alipoinua macho akamwona Asmita: kurta, kanzu fupi ya zambarau, kipini puani, furushi la shali za kuuza kwapani.

"Kaka, mimi sina haraka," akasema. "Kunywa chai yako kwanza, inapoa."

Basi, mtu akapenda papo hapo.

Nirajan hakuwa na dhahabu ya kumpa. Alichokuwa nacho ni kiti cha dirishani, upande wa kulia, ambako milima ya theluji huandamana na ndege mpaka Pokhara. Watalii walimbembeleza wakipate. Yeye alimwekea Asmita kila safari, na Asmita alitabasamu akashukuru. Simu zikaanza, zikafuata jioni za kula momo, vile vitumbua vya nyama vya mvuke, pale sokoni Asan, na haukupita muda wakaitana mpenzi.

Ndipo Sabina, mhudumu wa ndani ya ndege, alipomtobolea siri.

"Kile kiti unachomwekea bibie? Humwachia mtalii yeyote. Yeye hukaa kushoto, akatazama mashamba."

Nirajan aliumia. Kama zawadi yake hutupwa, yeye mwenyewe je? Safari iliyofuata akampa Asmita kiti cha kushoto bila kumtazama usoni.

"Heee! Leo umenipa kiti kizuri," Asmita akasema kwa furaha.

Ananicheka, Nirajan akawaza. Tangu hapo hakupokea simu zake, na alijua kununa huyo bwana. Mwishowe Asmita akapiga simu ya kaunta.

"Ndege za Pokhara, nikusaidie nini?"

"Nisaidie kujua nimekukosea nini."

"Kamuulize mtalii uliyemgawia kiti changu."

Sauti ya Asmita ikashuka chini kabisa.

"Nirajan, baba yangu alikuwa akiwabebea mizigo wapanda milima. Alifia kwenye mlima Manaslu nikiwa mdogo, wala maiti yake haikuteremshwa. Upande ule unaniweka mbele ya kaburi lake, peke yangu."

"Mbona hukuniambia, mpenzi?"

"Ulikuwa unakitoa kwa raha mno. Nikashindwa kukuvunja moyo."

Nirajan akafunika uso kwa mkono. Abiria wa kwanza kwenye foleni akajifanya anasoma tiketi.

"Nisamehe. Nitakuwekea kushoto maisha yako yote."

"Hapana. Kesho niwekee kulekule kulia. Ila cha pembeni yangu ukae wewe."

Kesho yake Nirajan aliomba ruhusa, akavaa shati jeupe na kofia aliyoachiwa na babu yake, akapanda ndege aliyozoea kuiaga tu. Asmita alijitanda shali kichwani na macho yake akayafumba. Vidole vyake vilikuwa baridi ndani ya kiganja cha Nirajan.

"Tumefika?" akauliza.

"Tumefika. Ule pale, wenye vilele viwili. Umetulia, hauna hata wingu. Ukitaka tuhame, tunahama."

Asmita akafumbua macho. Machozi yalimshuka, naye hakuyafuta. Alitazama kwa muda mrefu, kisha akauinua mkono wa Nirajan mpaka kwenye kioo.

"Baba," akasema, "huyu ndiye nitakayeolewa naye."