Pipa Lenye Msalaba wa Chaki

Ijumaa, saa 4:10 asubuhi.

Chumba cha nyuma cha kiwanda kilinuka chachu na soksi. Chachu ilikuwa ya kazi. Soksi zilikuwa za Msafi, aliyevua viatu mlangoni ili visichafuke. Jina hilo alijipa mwenyewe. Alikuwa na leso ya kufutia vidole kila baada ya kushika kitu, lakini soksi zake zingeweza kusimama bila miguu.

Alichutama, akanyakua kipande cha chaki kilichoning'inia ukutani kwa uzi, akachora mraba sakafuni.

"Ghala la maonyesho hili. Picha juu. Muziki chini, uwanjani. Mabanda ya bia nyuma."

Povu, mpika bia wa kiwanda hicho, aliitazama chaki yake ikisagika. Pembeni, juu ya gunia la shayiri, alikaa dada yake mkubwa, mke wa Msafi. Kazi yake ilikuwa kufagia huko ghorofani kwenye picha.

"Picha yenyewe kubwa?" Povu aliuliza.

"Kama sinia," Dada alisema. "Mwanamke anaosha miguu. Nguo nyekundu, maji ya bluu. Naipangusa vumbi kila siku."

"Na mnunuzi yuko tayari," Msafi alisema. "Sikilizeni. Ngoma kubwa zikianza, saa tisa na nusu, kuta zinatetemeka. King'ora kinalia ovyo. Walinzi wamekichoka, wanakizima. Mimi napanda na ufunguo wa mke wangu. Nakata, nakunja, nashuka. Naitia kwenye pipa tupu lenye utepe wa bluu. Povu unabeba mapipa matupu, unarudi hapa. Pikapu ya bia haikaguliwi."

"Inanuka," Povu alisema.

"Ndiyo maana."

Wiki nzima Povu alikuwa amemfundisha kufungua shingo ya pipa kwa spana, kuchomoa mrija, kuurudisha. Hilo halikumsumbua. Lililomsumbua lilikuwa moja.

"Ufunguo una namba ya Dada. Urudi mkononi mwake kabla ya saa kumi. Dada asiguswe, shemeji."

"Ni mke wangu, shemeji."

"Kabla hajawa mkeo alinibeba mgongoni. Alinilea yeye."

"Haya, basi. Asiguswe." Msafi alifuta vidole, akaisahau chaki mfukoni mwake. Povu aliona. Chaki ni chaki tu.

Jumamosi, saa 9:20 alasiri.

Joto lilikuwa la kuua, na mji mzima ulikuwa umejazana pale. Ukitaka kuchukia watu, nenda maonyesho ya msimu wa joto. Walipanda ghorofani, wakasimama mbele ya picha kwa muda wa kupiga chafya, wakajipiga picha wenyewe, wakashuka kunywa. Walinusa bia kama wanaonusa uvundo wa jirani, wakajifanya wanasikia harufu ya ndizi. Mtindo wa mwaka ulikuwa bia za matunda: nyekundu, zambarau, za rangi ya mkojo wa mgonjwa. Povu aliwamiminia bila kuwatazama.

Saa 9:30.

Ngoma zilipiga. Bilauri zikatetemeka mezani. Msafi, katika sare ya wabeba bia, alipanda ngazi na kreti tupu begani.

Saa 9:52.

Alirudi. Povu alikuwa na wateja kumi mbele yake na hakuweza kugeuka. Nyuma ya pazia la banda alisikia spana ikigonga chuma. Kisha Msafi akamnong'oneza sikioni, na pumzi yake ilikuwa mbaya.

"Tayari. Utepe wa bluu. Pakia, uende."

"Ufunguo?"

"Nimempa."

"Umempa mkononi?"

"Shemeji, unanihoji? Nenda!"

Saa 10:15.

Askari wa getini aliziba pua, akapunga mkono. Pikapu ikapita.

Saa 10:40.

Mapipa kumi na moja. Lenye utepe wa bluu Povu aliliweka chini ya meza, akalifunika gunia. Hakulifungua, walikubaliana lifunguliwe mbele ya wote. Akaanza kupanga mengine, mikono ikienda yenyewe, masikio yakisubiri simu ya Dada.

La saba lilikuwa na msalaba wa chaki.

Msalaba, hapo kiwandani, maana yake ni bia iliyochacha. Wauzaji wote mabandani wanajua, hawaligusi. Pipa la hivyo halilali hata saa moja. Linaoshwa kwa soda kali ya moto, dawa inayokwangua kila kitu, kabla ya kitu kingine chochote, maana uchachu ukihamia kwenye mengine umeharibu mwezi mzima. Povu alikuwa ameyaosha ya aina hiyo kwa miaka kumi na minane. Aliligeuza kichwa chini juu ya mashine ya kuoshea, akabana shingo, akavuta mkono wa swichi.

Maji yalitoka mferejini mekundu. Kisha bluu.

"Bia za matunda," Povu alisema, akatema mate.

Saa 11:20 jioni.

Msafi aliingia na viatu vyake vinavyong'aa. Hakumsalimia mtu. Alivuta gunia, akafungua pipa la bluu, akalipindua. Halikutoka kitu.

"Tupu," alisema, na hata hakujitahidi kushangaa. "Dada yako katuzunguka, shemeji. Mimi niliitia humu kwa mikono yangu."

Simu ya Povu ililia.

"Mdogo wangu." Dada alikuwa akihema. "Ufunguo wameukuta mlangoni, umening'inia na namba yangu. Wananipeleka. Wanasema nikiirudisha picha wataniachia. Mwambie mume wangu airudishe. Mwambie, tafadhali."

Simu ikakatika.

Povu aliinua macho. Msafi hakuwa akimsikiliza. Macho yake yalikuwa yakipita kwenye mstari wa mapipa, moja baada ya jingine, mpaka mwisho, na kurudi tena mwanzo.

"Lile la msalaba," alisema. "Liko wapi?"

Hapo ndipo Povu alipoelewa yote. Alielewa chaki mfukoni, msalaba wa kuwazuia watu wasiliguse pipa la pili ambalo Msafi alitaka kulichukua peke yake, mke aliyeachiwa ufunguo mlangoni kama mfupa anaotupiwa mbwa. Lakini kabla ya hasira ilikuja furaha ya sekunde moja: picha iko hapa. Airudishe, Dada aachiwe.

Kisha akasikia mashine ikinguruma nyuma yake.

"Umelifanya nini?" Msafi alipiga kelele. Alimsukuma, akalichomoa pipa, akalegeza shingo kwa spana, akaingiza vidole. Soda ya moto ikamtiririkia viganjani. Alipiga ukelele wa kinyama, lakini tamaa haina ngozi. Alivuta mpaka kile kitu kikatoka.

Kilikuwa kitambaa. Kitupu, kimechujuka, hakina mwanamke wala miguu wala maji.

Msafi aliangukia magoti akitafuta bomba. Povu alimfungulia maji baridi, kwa sababu hata nguruwe humwagiwa. Akatoka, akaufunga mlango kwa nje, akapiga simu polisi.

"Mliyemkamata hana kosa," alisema. "Aliyeikata picha ninaye ndani, ameungua mikono. Mbebaji ni mimi."

Saa 12:05 jioni.

Walikuja watatu. Wawili walimtoa Msafi, naye alikuwa akilia na kuapa kwamba mke wake ndiye aliyepanga. Yule wa tatu alimfunga Povu pingu.

"Picha iko wapi?"

Povu alimwonyesha kwa kidevu kile kitambaa kilicholowa sakafuni, juu ya mraba wa chaki.

"Tunataka picha, bwana. Bila picha yule mama hatoki leo."

"Ndiyo hiyo," Povu alisema. "Nimeiosha."