Masale ya Kiwanja cha Mtoni

Nyumbani kwa Zakia, chini kidogo ya Magamba, wageni hawaishi. Wanaoteremka sokoni Lushoto na karoti zao huingia kunywa chai, na habari za kijiji kizima huachwa pale jikoni. Wiki ile habari ilikuwa moja: Zakia anabadilishana ardhi na Mika.

Mika alikuwa na kiwanja tambarare kando ya kijito. Zakia alikuwa na shamba la mlimani, alilorithi kwa baba yake. Mika alitaka shamba alime viazi. Zakia alitaka kiwanja ajenge nyumba kubwa, maana ile aliyonayo wageni walikuwa wameshaijaza mpaka mlangoni. Ijumaa wangepeana mikono mbele ya majirani, basi.

Lakini wanywa chai wakamvuruga. Mmoja alisema pale mtoni hapajengwi. Wa pili akasema mbona wengine wamejenga na hawakuulizwa. Wa tatu akasema dawa ni muhuri wa mtendaji tu. Mumewe, Athumani, alisema kiwanja kimezungushiwa masale, ile mimea ya kuwekea mipaka, tangu enzi za babu yake Mika, na huku kwetu nani anabishana na masale? Zakia akakubali, akakataa, akakubali tena. Siku hiyo makande aliyatia chumvi mara mbili.

"Zakia, umepikia maji ya bahari ya Tanga?" aliuliza jirani yake Rahabu. "Twende kwa Shukrani kabla hujatuua."

Shukrani alikuwa msaidizi wa kisheria. Kazi yake ni kuwaelekeza watu mambo ya sheria bila malipo. Aliwaamkia shikamoo, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akawapeleka ofisi ya kijiji. Nyuma ya mlango palikuwa na ramani ya mpango wa matumizi ya ardhi. Haikuonekana, kwa sababu wajumbe walitundika makoti yao juu yake. Shukrani akayasogeza.

"Mama, kijito ni hiki. Kiwanja cha Mika ni hapa, penye kijani. Ni eneo la kulinda maji. Mita sitini kutoka kwenye kijito hazijengwi nyumba."

"Na masale je?"

"Masale yanasema ardhi ni ya nani. Hayasemi unaruhusiwa kufanya nini juu yake."

Zakia akakaa kwenye benchi. Zilibaki siku mbili. Angepeana mkono, shamba la baba lingekwenda na nyumba isingekuwa na pa kusimama. Akauliza kama Mika ni tapeli. Shukrani akasema huenda naye hajui. Akamweleza kwamba ramani huangaliwa kwanza, na majirani wa mipakani huulizwa. Mume na mke wa kila upande wakubali. Kaka yake Zakia, Mussa, ahusishwe, maana urithi ule haukuwahi kugawanywa. Mkataba uandikwe mbele ya mashahidi, halmashauri ya kijiji ikae na kuidhinisha. Kupeana mikono kuje mwisho.

Ijumaa Mika alipoambiwa, alipigwa na butwaa. Mkewe, Janeth, alishangaa zaidi, kwa kuwa habari za kiwanja alikuwa amezisikia kanisani.

"Kumbe kiwanja kilihama kabla sijaambiwa," alisema, na watu wakacheka, Mika akaangalia viatu vyake.

Ni Janeth huyo aliyekumbuka kiwanja chao cha juu ya barabara, kilichobaki na miti tu. Kwenye ramani kilikuwa sehemu ya makazi. Wakakubaliana kubadilishana hicho na shamba, wakakipima. Mussa akaja kutoka Mnazi akatia saini, halmashauri ikaidhinisha.

Masika iliyofuata kijito kilifurika, na masale ya kule chini yakabaki vichwa tu juu ya maji. Zakia aliyatazama kutoka kwenye baraza ya nyumba yake mpya, birika mkononi, wageni wamejaa kama kawaida. Siku hizi mtu akija na habari za kununua au kuuza ardhi, Zakia humimina chai kwanza, kisha humuuliza:

"Ofisini umeshayasogeza yale makoti?"