Chiriku na Pipa la Manjano

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alikagua mafundo. Mama yake na mama yake mdogo walikuwa watia rangi vitambaa. Walivikunja, wakavifunga mafundo kwa uzi, kisha wakavichovya kwenye mapipa yaliyopangwa uani: la buluu karibu na mlango, jekundu katikati, la manjano mwisho kabisa, ukutani. Fundo likilegea, rangi huingia pasipotakiwa na kitambaa huharibika. Kwa hiyo msichana huyo alibonyeza kila fundo kwa kidole gumba, na huku akibonyeza aliongea. Kazi ya kuongea hakuna aliyempa, lakini hakuikosa hata siku moja.

"Mwanangu, pumzisha basi huo mdomo," mama mdogo alikuwa akimwambia. "Hata masikio yangu yanataka likizo." Ndiyo maana wakamwita Chiriku, kama yule ndege asiyenyamaza.

Lakini nyumba hiyo ilikuwa na uchovu wake. Chiriku alikuwa na ugonjwa adimu, ule ambao hata wauguzi wengine huomba watajiwe jina lake mara ya pili. Daktari wa ini aliwaeleza taratibu. Ini hutengeneza nyongo, majimaji yanayosaidia kusaga mafuta tunayokula, na nyongo hupita kwenye mirija myembamba kwenda kwenye utumbo. Mirija ya Chiriku ilikuwa ikifanya makovu na kusinyaa. Halikuwa kosa la mtu, wala ugonjwa haukuwa wa kuambukiza. Mirija ilipoziba mara ya kwanza, aliwekewa kijimrija cha plastiki ndani ili nyongo ipite.

"Hiki nacho kinaweza kuziba," daktari alisema siku ile. "Mkojo ukiwa mweusi, choo kikipauka, mwili ukiwasha au macho yakiwa manjano, msingoje. Njooni."

Chiriku aliyasikia vizuri sana maneno hayo. Ila kitu kilichomkaa moyoni ni kingine. Alimkumbuka mama yake akiwa amelala kwenye benchi la mbao nje ya wodi, shingo imepinda, mkoba ndio mto. Walipoachiliwa kurudi nyumbani, mama hakupumzika. Alikwenda moja kwa moja kwenye mapipa, akasinzia akiwa amesimama, mti wa kukorogea mkononi. Chiriku alimwona, akaumia.

Basi mgongo ulipoanza kumuwasha tena, hakusema. Alijikuna kwenye fremu ya mlango watu wakiwa wamempa kisogo. Mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi. Hapo pia akanyamaza. "Nikisema," aliwaza, "mama atarudi kwenye lile benchi."

Kisha viganja vyake vikaanza kuwa manjano. Sasa angevificha wapi? Mtoto wa watia rangi hakosi pa kuficha rangi. Siku hiyo alitoka shule akaenda moja kwa moja hadi mwisho wa uani.

"Mama, leo niachie mimi pipa la manjano."

"Wewe?" mama alishangaa. "Si husema linanuka?"

"Nimelizoea."

"Haya, vaa glavu."

"Zinanibana, mama."

Zilikuwa pana kiasi cha kumchomoka mikononi, lakini mama alikuwa na agizo la vitambaa vya shule nzima mbele yake, na macho yake yalikuwa mazito. Hakubishana. Chiriku akatumbukiza mikono mpaka kwenye viwiko. Kesho yake akarudia, na keshokutwa. Wenzake shuleni wakamtania kwamba mikono yake ni ndizi mbivu. Alicheka nao, ingawa hata kucheka kulimchosha. Macho yake yalipogeuka rangi, alisema ni moshi wa kuni za kuchemshia, akawa anatembea akitazama chini.

Kitu kimoja alikisahau. Alisahau kuongea. Alibonyeza mafundo kimya, akala kidogo kimya, akalala mapema kimya.

"Dada," mama mdogo alimwambia mama yake, "huyu Chiriku wetu ana nini? Nyumba imekuwa kama redio iliyokatwa umeme."

"Amechoka," mama alijibu. "Nani hapa hajachoka?"

Mchana mmoja wa jua kali, Chiriku alikuwa akianika. Alinyanyua kitambaa kuelekea kwenye kamba, mikono ikaanza kutetemeka. Kisha mwili wote ukatetemeka. Meno yaligongana kama mtu aliyetoka kwenye maji baridi.

"We mtoto!" Mama aliuacha mti wa kukorogea, akamkimbilia. Alimwekea mkono shingoni. Shingo ilikuwa moto. Akamgeuza kichwa ili amfute jasho, na hapo akaona. Nyuma ya sikio kulikuwa manjano.

"Rangi hii imefikaje huku?"

Mama alimpandisha blauzi kidogo. Tumbo nalo lilikuwa manjano, na tumbo la mtoto halijawahi kuchovywa pipani. Akamshika kidevu, akamgeuzia uso kwenye mwanga na kulivuta taratibu kope la chini.

"Jamani, macho!" mama mdogo alishika kichwa. "Na sisi tupo hapa hapa tunamtazama!"

Mama hakupiga kelele. Alimbeba, mkubwa vile, kama mtoto mchanga. Mama mdogo alikimbia kwa jirani kuomba gari. Moto ukaachwa uzimike wenyewe, na kitambaa kikubwa kikabaki kimezama kwenye pipa la manjano.

Hospitalini daktari alimpima, akakunja uso. Kijimrija kilikuwa kimeziba. Nyongo ilikuwa imetuama nyuma yake, na wadudu wa maradhi walikuwa wameanza kuzaliana humo. Hiyo ndiyo homa. Alitundikiwa dripu ya dawa ya kuua wadudu. Homa ilipopungua akapelekwa kwenye chumba cha matibabu. Alipewa dawa ya usingizi, kisha daktari akapitisha mpira mwembamba wenye kamera mdomoni, tumboni, hadi pale mrija wa nyongo unapofungukia. Akatoa kijimrija cha zamani, kilichojaa uchafu mzito. Akaingiza puto dogo, akalijaza taratibu ili kupanua palipobana, akaweka kijimrija kipya. Chiriku hakuhisi chochote.

Alipoamka, mama alikuwa amekaa pembeni ya kitanda, macho mekundu.

"Mama, umelala wapi?"

"Unapajua."

"Kwenye benchi?"

"Mimi na lile benchi sasa tunasalimiana."

Chiriku alijaribu kucheka, akalia. "Ndiyo maana sikusema, mama. Nilijipaka ile rangi ili usione. Unachoka sana."

Mama aliisugua ile mikono ya manjano kama mtu anayetafuta rangi yake halisi.

"Nimechoka," alisema. "Sitakudanganya. Kila kiungo kinauma. Lakini uchovu nimeuzoea, mwanangu, nikilala unaisha. Nikikukosa wewe, nitalala usingizi gani uishe?"

Daktari alikuwa ameingia, akasikia. "Kamera yangu inaona ndani ya tumbo," alimwambia Chiriku, "lakini haiwezi kukuona ukiwa nyumbani. Anayejua wa kwanza ni wewe. Mgonjwa akificha, hata daktari anafanya kazi amefumba macho. Mngechelewa zaidi, wadudu wangesambaa kwenye damu, nasi tungekuwa tunazungumza mengine."

"Sitaficha tena," Chiriku alinong'ona.

Waliporudi nyumbani, walikikuta kile kitambaa pipani. Kilikuwa kimekolea mpaka mafundo yote yamemezwa na rangi, hakuna wa kukivaa. Mama mdogo alikikamua, akakianika, akakikunja mara nyingi na kukishona pembeni. Kikawa kigodoro chembamba. Akakitia kwenye mkoba, akautundika nyuma ya mlango.

"Cha benchi hicho," alisema. "Safari nyingine dada yangu asipinde shingo."

Miezi ikapita, na mdomo wa Chiriku ukarudi kazini. Halafu asubuhi moja, akiwa katikati ya hadithi ndefu ya shuleni, alisita na fundo mkononi.

"Mama. Mgongo umeanza kuwasha tangu jana. Na mkojo umebadilika."

Mama alimgeuzia uso kwenye mwanga, akatazama. Akashusha pumzi ndefu, ya mtu anayeijua njia yote iliyo mbele yake. Akafunika mapipa, akauchukua mkoba nyuma ya mlango.

"Umefanya vizuri kusema," alimwambia. "Mwili wako ukikuambia kitu, na mimi niambie, hata ukinikuta nimechoka. Hasa ukinikuta nimechoka. Haya, twende."

Chiriku aliongea njia nzima, na mama hakumwambia anyamaze.