Presha ya Bibi

Kila Jumanne na Alhamisi, kengele ya mwisho ikilia, wanafunzi kumi na wawili wa klabu ya afya walivuka uwanja wa shule hadi zahanati ya jirani. Huko muuguzi mkuu aliwafundisha kunawa mikono, kufunga bandeji na kupima presha. Aliyeongoza kwa kiherehere alikuwa msichana ambaye wenzake walimpachika jina la Dokta. Alitembea na koti lake jeupe kwa maringo, utadhani zahanati ni ya baba yake.

Mwezi huo kila mmoja alikabidhiwa mashine ndogo ya presha na daftari, ampime mtu mzima mmoja wa nyumbani asubuhi na jioni kwa wiki mbili. Dokta alimchagua bibi yake, aliyekuwa ameanzishiwa dawa mpya. Muuguzi alimweleza wazi kwamba daftari hilo ndilo litakaloonyesha kama dawa hizo zinamfaa.

Siku nne za kwanza alipima kwa bidii. Siku ya tano akachoka. Kumkalisha bibi dakika tano, kumfunga kitambaa mkononi, kisha kurudia; nani ana muda huo wakati wenzake wanacheza nje? Akatazama namba za jana, akapunguza hapa, akaongeza pale, akaandika. Ikawa ndiyo desturi yake. Daftari lake lilipendeza kuliko yote.

Bibi alipoanza kuumwa kichwa, alikwenda zahanati na daftari lile. Foleni ilikuwa ndefu. Muuguzi alilifungua, akaona presha imetulia, akampa vidonge vya maumivu na kumruhusu aende. Siku mbili baadaye bibi alianguka jikoni. Alipozinduka, mkono na mguu wa kulia vilikuwa vimepooza.

Dokta alilia mpaka sauti ikamkauka, kisha akaenda kwa muuguzi.

"Sista, zile namba nilizitunga," alisema. "Tangu siku ya tano sikumpima."

Muuguzi alimvutia kiti.

"Mimi nina kosa langu," alisema. "Niliamini daftari, nikaacha kumpima mgonjwa aliyekuwa mbele yangu. Lakini na wewe sikiliza. Siku usiyopima, acha nafasi wazi. Nafasi wazi ingenifanya niulize. Namba ya uongo ilininyamazisha."

Hakumfukuza kwenye klabu. Alimwagiza aje Alhamisi kama kawaida, na bibi akipata nafuu amwambie ukweli kwa mdomo wake mwenyewe.

Daktari wa hospitali alibadilisha dawa na presha ikashuka, ila mkono haukupata nguvu tena. Jioni moja, akimlisha bibi uji kwa kijiko, msichana alijikaza akasema yote.

Bibi alimeza taratibu. Ulimi wake ulikuwa bado mzito.

"Nilijua hunipimi, mjukuu wangu. Mkono si ni wangu? Nilipokuona unaandika, nikadhani mmeshafundishwa njia nyingine."

Msichana aliinamisha kichwa, akaendelea kukoroga uji uliokwisha kupoa.