Mlango Uliosikika Bondeni

Wanyoike alikuwa akibandika bango kwenye nguzo ya soko la Nakuru, amevaa jaketi yake ya ngozi katika jua la saa sita: Jumamosi hii bendi yake, Lami Moto, itapiga albamu nzima ya *Jukwaani Bondeni*, neno kwa neno, vile ilivyorekodiwa miaka thelathini iliyopita.

"Nilikula samaki, nikafunga mlango!" muuza viazi akampigia kelele, na soko likacheka.

Hakuna shabiki asiyeyajua maneno hayo. Siku ya kurekodi, kabla ya wimbo wa tatu, Wanyoike alimtania kwa maneno hayo msichana wa Kamere, kule ziwani, aliyekuwa akimletea samaki hadi mlangoni. Kanda ilinasa utani, ikanasa na kicheko cha ukumbi mzima.

Mwanamke mmoja hakucheka. Alisimama nyuma ya meza ya samaki, rinda la kitenge la buluu, kisu mkononi.

"Naliaka?"

"Sasa, star."

"Si uliniacha bila hata kuniaga! Nikaskia umeolewa."

"Niliolewa baadaye. Mzee alishafariki." Akageuza samaki, akaendelea kumpaa magamba. "Siku mlirekodi nilikuwa hapo kwa mlango, na kikapu yenu ya samaki, kama kila Jumamosi. Kwa kanda, watu wakicheka, kuna kitu inalia pwaa. Unaijua?"

"Hiyo ni ngoma ya Odongo."

"Hiyo ni mlango, Wanyoike. Ni mimi nikitoka."

Aibu ilimpanda hadi masikioni. Mlio huo alikuwa akijisifia redioni, akiuita bahati ya jukwaa. Na ukweli aliujua yeye peke yake: alimpenda Naliaka, ila wenzake wa bendi walisema msichana ananuka samaki, naye akamkana ili wasimcheke. Walikuwa wakila samaki hao hao.

Siku tatu alishika simu na kuiweka. Ya nne akapiga.

"Mpenzi..."

"Nani mpenzi? Niko na wateja."

"Naliaka, nisamehe. Nilikuwa mjinga."

"Ulikuwa mjinga wa kupigiwa makofi. Jumamosi utasema hiyo maneno ama hutasema?"

"Watu wanataka albamu vile iko."

"Basi nitakuja niiskie vile iko," akasema, akakata.

Jumamosi saa kumi ukumbi wa Bondeni ulijaa wazee wenye fulana za bendi zilizowabana matumbo. Wimbo wa kwanza ukapita, wa pili ukapita. Wanyoike akasogea kwenye maikrofoni. Naliaka alikuwa amesimama pale pale mlangoni, rinda jekundu, mikono kifuani.

Wanyoike akanyamaza. Alidhani akinyamaza maneno hayatasemwa.

Ukumbi ukamsemea. Mamia ya sauti, kwa furaha kabisa: "Nilikula samaki, nikafunga mlango!" Kisha kicheko, kisha miguu ikapiga sakafu kuigiza ule mlio. Wanyoike alimwona Naliaka akiinamisha macho, akatamani ardhi immeze.

"Ngojeni," akasema. "Huyo msichana alikuwa mpenzi wangu. Anaitwa Naliaka. Nilimwonea aibu mbele ya marafiki, nikawapa mumcheke. Ule mlio mnaupenda ni yeye akitoka. Wa kuchekwa ni mimi."

"Piga ngoma, mzee!" mtu mmoja akafoka. Hakuna aliyepiga makofi. Odongo aliinamia ngoma zake, naye pia aliwahi kula samaki wale. Wakauanza wimbo wa tatu na Wanyoike akauimba vibaya kuliko alivyowahi kuuimba. Katikati yake Naliaka alitoka, akaurudisha mlango polepole.

Kesho yake ujumbe ukaingia: *Jumamosi. Kamere. Wewe ndio ulete samaki.*

Alienda, samaki wa Nakuru ndani ya karatasi, akipita kando ya ziwa huku wavuvi wakimtazama.

"Boss, unaleta samaki Kamere?" mmoja akauliza, wenzake wakavunjika mbavu.

"Ndiyo," akajibu, uso ukimwaka. Hakujitetea.

Akabisha. Naliaka akafungua, akampokea samaki kwa mikono miwili, akamtazama kichwa hadi viatu.

"Asante, dear," akasema, akafunga mlango.

Wanyoike akasimama pale juani. Alisikia mafuta yakichachatika, akasikia harufu, akasikia majirani wakinong'ona. Alistahili. Akageuka aondoke.

"Wanyoike!" sauti ikaita kutoka ndani. "Unaenda wapi? Kaa hapo kwa ngazi. Nikimaliza kukula, nitafungua."

Akaketi, akangoja.